Kabla ya Kuandika Shwari

Mliponiaga ofisini mwezi uliopita mlinipa keki na saa ya ukutani, na mmoja wenu akasimama akasema mimi ni kamusi ya upepo inayotembea. Nilicheka kwa adabu. Nilipofika nyumbani Mambrui nikaitundika ile saa, nikakuta haiendi, basi nikapata nafasi ya kukaa na kuandika. Sitasimulia vyeo. Aliyepanda cheo na aliyebaki pale pale wote walipanda ngazi ile ile ya mlingoti kwenda kutia mafuta. Nitawaandikia zaidi habari za neno moja, shwari, ambalo siku hizi mnalibonyeza kwa kidole kimoja kwenye mashine. Mimi lilinichukua miaka kujua namna ya kuliandika, na mtu mwingine ndiye aliyelipia masomo yangu.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika kiwanja kidogo cha ndege, cha udongo, kaskazini ya Mambrui. Msikitafute. Kilifungwa zamani na sasa ni malisho ya ng'ombe. Ndege zenyewe zilikuwa ndogo, za watu wanne au watano, zikiwabeba watalii waliokwisha kuchoka na Watamu na kutaka kuiona Lamu. Upande wa mashariki wa kiwanja palikuwa na fungu kubwa la mchanga, na nyuma ya fungu ni bahari. Chini ya mchanga ule, ukingoni mwa kiwanja, ndipo lilipojengwa banda letu la makuti, ambalo lilikuwa ofisi, ghala na chumba cha abiria, vyote pamoja. Upande wa magharibi kiwanja kiliishia kwenye mikanju. Ishikeni picha hiyo: bahari, mchanga, banda, kisha kiwanja kifupi, kisha mikanju.

Mtaani kwetu habari kwamba nimepata kazi ya kupima upepo ilipokewa kwa vicheko. Wanawake wakinipita wakiuliza, "Mwanangu, waupima kwa kibaba au kwa pishi?" Nyanya yangu, aliyekuwa na ulimi kama wembe, akawajibu kwa niaba yangu. "Mwacheni. Heri yeye anayeupima kuliko nyinyi mnaoupunga barazani tangu asubuhi." Wakanyamaza wiki nzima, na kwa Mambrui hiyo ni rekodi.

Aliyenipokea kazini alikuwa Mzee Katana, mtu wa Junju, mrefu, mkimya, shati lake la kaki limepigwa pasi mpaka mifukoni. Alikuwa ameifanya kazi ile tangu mimi sijazaliwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Viatu hivyo ni vya harusini. Kesho njoo na vya kutembelea."

Hakunipa kiti. Alinitoa nje, tukatembea kwenye jua hadi kwenye mlingoti uliokuwa katikati ya uwazi, hatua mia na ishirini kutoka bandani. Nazijua kwa sababu alinihesabisha. Juu ya mlingoti palikuwa na vikombe vitatu vya bati vinavyozungushwa na upepo, na chini yake kisanduku chenye tarakimu za kuhesabia mizunguko. Kando yake palikuwa na mshale wa kuonyesha upepo unatoka wapi. Mzee Katana alinionya juu ya ule mshale kama watu wanavyomwonya binti juu ya mwanamume. "Huyu hasemi kama upepo upo. Upepo ukikatika yeye hubaki ameelekea ulikotoka mara ya mwisho. Usimwamini peke yake."

Chini ya mlingoti, juu ya kigogo kifupi, palikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko. Alikifungua. Ndani mlikuwa na jivu jeupe la jikoni kwake, lililochekechwa, laini kama poda. Akachota kidogo kwa ncha za vidole, akaliinua usawa wa uso na kuliachia. Jivu likaondoka kuelekea mikanju taratibu.

"Vikombe vikisimama," akasema, "usiandike shwari mpaka umekuja hapa ukaachia jivu. Likianguka miguuni pako, rudi ukaandike. Bandani tumejificha nyuma ya mchanga. Bandani ni shwari siku zote."

Nikamwuliza kama hilo limo katika kitabu cha kanuni. Akasema kitabu cha kanuni kiliandikwa na mtu ambaye hakuwa na fungu la mchanga.

Jambo la pili alilonifundisha siku ile lilikuwa namna ya kukosea. Kitabu chetu cha kumbukumbu kilikuwa kikubwa, chenye mistari, na kila saa ilikuwa na mstari wake: upepo unatoka wapi, kasi yake ngapi, nani amepima. Ukikosea, hufuti, hukwangui kwa wembe, wala huchani karatasi. Unachukua rula na kalamu nyekundu, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, mwembamba, ili kosa liendelee kusomeka. Juu yake unaandika lililo kweli, na pembeni unatia jina lako zima. "Kosa lina haki ya kuonekana," alisema. Nilidhani ananitania, lakini Mzee Katana hakuwa mtu wa utani kabla ya saa sita mchana.

Kitabu kile kilikuwa cha Kiingereza kuanzia jalada mpaka mgongo, lakini mahali pa upepo usiokuwapo yeye aliandika Shwari kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa kulala. Wakubwa hawakulalamika hata mara moja. Nahisi hawakusoma.

Neno hilo nililijua tangu utotoni, au nilidhani nalijua. Kwetu asubuhi mtu hupita mlangoni akauliza, "Nyumbani shwari?" nawe ukajibu shwari hata kama usiku kucha mmegombana. Nyanya alilitumia kwa wagonjwa. Homa ikimshuka mtoto, alimgusa shingo, akasema, "Alhamdulillahi, sasa shwari," na nyumba nzima ikaanza tena kuzungumza kwa sauti. Washenga wakirudi kutoka kuposa, hawakueleza mengi uani. Walisema mambo ni shwari, na wanawake wakaanza kuosha masufuria makubwa. Kinyume chake, mkubwa wa serikali akisema redioni kwamba hali ni shwari, nyanya aliinuka akaenda kufunga dirisha.

Lakini nilikuwa na babu mmoja, nduguye nyanya, aliyewahi kuwa baharia ujanani, na huyo neno shwari hakutaka kulisikia mbele ya chakula. Kwake shwari ilikuwa maji kama kioo, chombo kimesimama siku ya tano, na watu wanaangaliana nani atakunywa kidogo kuliko mwenziwe. "Dhoruba hukuua ukiwa na kazi ya kufanya," alisema. "Shwari hukuua umekaa." Kisha akaomba apitishiwe mchuzi.

Na pale kiwanjani nililikuta lina maana nyingine tena. Rubani aliyekuja kwetu mara nyingi zaidi alikuwa mtu mmoja wa Mombasa tuliyemwita Kapteni Miwani, kwa sababu zilizokuwa wazi. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba ndege hupenda kuondoka ikiutazama upepo, maana upepo wa mbele huibeba ikapaa mapema. Upepo wetu mwingi ulitoka baharini, kwa hiyo ilimbidi aendeshe ndege polepole kutoka bandani hadi kule kwenye mikanju, ageuze, ndipo arudi mbio akielekea bahari. Siku ya shwari hakuwa na haja ya safari hiyo yote. Aliwasha injini pale pale bandani na kuondoka kuelekea magharibi. Kiwanja kilimtosha, japo kwa shida kidogo. Ila upepo ukiwa mgongoni mwake, hakingemtosha.

"Kwa hiyo, bibi," aliniambia akifuta miwani kwa ncha ya shati, "ukiniambia shwari, mimi nakuamini na roho yangu. Usinichezee."

Kwa kawaida rubani huuangalia mwenyewe ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoning'inizwa kiwanjani na kujazwa na upepo. Wetu ulichanika kaskazi moja iliyovuma kwa nguvu. Tuliomba mwingine kutoka juu. Tukangoja. Baada ya miezi kadhaa lilikuja sanduku, tukalifungua kwa furaha, tukakuta mihuri miwili na karatasi za kaboni. Tukaomba tena. Kwa hiyo mwaka wangu wa tano kazini, rubani alikuwa na kitabu chetu tu na neno letu.

Kwa miaka ile yote, kila nilipotaja shwari, Mzee Katana aliuliza swali lile lile bila kuinua kichwa: "Umetoka nje?" Ningeweza kuwa nimeingia sasa hivi na jasho linanitiririka, angeuliza. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye likawa kama salamu. Nami nilitoka, wallahi nilitoka, kwenye jua la Februari na kwenye mvua za mwezi wa tano, isipokuwa siku moja.

Ilikuwa majira ya maleleji, kaskazi inakwisha na kusi haijaanza, upepo hauna mwenyewe. Wiki nzima ilikuwa shwari kila asubuhi, na kila asubuhi nilitembea hatua zangu mia na ishirini, jivu likaanguka miguuni, nikarudi. Siku ile ya Alhamisi nilifika kazini na mikono yangu miwili imepambwa hina na rangi nyeusi ya piko hadi kwenye viwiko. Dada yangu mdogo alikuwa anaolewa kesho yake. Mpambaji alikuwa ametukeshesha, na alipomaliza alitushika videvu mmoja mmoja kama watoto. "Mikono hii isiguse maji wala jivu mpaka kesho magharibi. Rangi ikipauka msije mkanitia aibu." Alisema jivu kwa sababu ya vyombo vya jikoni, maana kwetu sufuria husuguliwa kwa jivu. Mimi neno lake nililichukua mpaka kazini.

Saa nne asubuhi Kapteni Miwani alikuwa tayari, na abiria wawili, mzee wa Kizungu na mkewe. Mzee Katana alikuwa ameondoka mapema kwenda ule upande wa mikanju kuwafukuza mbuzi, kwa kuwa ua ulianguka na mbuzi walipapenda. Nikachungulia dirishani. Vikombe vimesimama. Bandani hata ukili wa kushonea mkeka ulioning'inia ukutani hautikisiki. Nikaitazama mikono yangu, nikalitazama jua. Nikasema moyoni, wiki nzima imekuwa shwari, leo kutakuwa na nini? Nikaandika Shwari, kwa mwandiko mzuri, nikatia jina, nikamwinulia Kapteni mkono kupitia dirishani kumwashiria ni shwari. Akaiona hina, akacheka, akawasha injini pale pale bandani.

Nje ya kinga ya ule mchanga, matlai ilikuwa inavuma tangu jua lilipopanda. Si upepo wa kung'oa nyumba. Ni ule wa asubuhi utokao mashariki, wa kukausha nguo. Vikombe vilikuwa vimekwama. Nyigu walikuwa wamejenga kiota cha udongo kwenye shingo ya chuma, mahali panapozunguka, na mafuta yalikuwa yamekauka.

Niliiona ndege ikikimbia, ikikimbia, na haiinuki. Kule mwisho nilimwona Mzee Katana. Amevua shati lake la kaki na analipunga kwa mikono miwili, mbuzi wanakimbia huku na huku, naye hakimbii. Ndege ikaja juu yake, akajitupa chini. Ikampita, ikaruka kidogo kama kuku, ikaingia kwenye mikanju kwa kishindo nilichokisikia miguuni kabla ya masikioni.

Hakufa mtu. Nalisema mapema ili msihangaike kama nilivyohangaika mimi mpaka nilipofika pale nikihema. Kapteni alivunjika mkono mahali pawili. Yule mama wa Kizungu alitoka ameshika kiatu kimoja, akiuliza kwa upole kiko wapi cha pili. Mumewe alikaa kwenye majani akatapika. Mzee Katana, kifua wazi, amejaa vumbi, akamfunga Kapteni mkono kwa shati lake lile lile lililopigwa pasi. Kapteni alinitazama. Miwani yake ilikuwa nzima.

Gari la kwenda hospitali Malindi lilipoondoka, Mzee Katana alirudi kwa miguu peke yake kupitia kwenye mlingoti. Nilimwona kwa dirisha. Alisimama, akainama, akafungua kifuniko cha lile kopo la jivu, akatazama ndani, akakifunga. Ndipo akapanda ngazi na kuwakuta nyigu. Aliposhuka aliingia bandani, akausoma mstari wa saa nne, akavaa shati lake la akiba. Hakuniuliza kama nilitoka nje. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitano, na ilinitisha kuliko kama angenipigia kelele.

Harusini nilicheza. Ningefanyaje? Watu wote walinisifu mikono.

Wiki iliyofuata akaja mkaguzi kutoka Nairobi, mwanamume wa makamo mwenye suti, akiona tabu na joto. Alikuwa mtu wa haki, na ninalisema kwa sababu sitaki mtu adhani nilionewa. Alituita mmoja mmoja. Mimi niliingia na buibui langu, mikono nimeificha chini ya meza.

"Sasa, madam. Saa nne uliangalia vikombe?"

"Niliangalia."

"Vilikuwa vinazunguka?"

"La."

"Kwa hivyo ukaandika hiyo shwari, vile kitabu cha kanuni kinasema."

"Ndiyo."

"Na hiyo mashine ni kazi ya nani kutia mafuta?"

Nikatazama ukutani nyuma yake, jibu lilikuwa limetundikwa hapo. Kulikuwa na kadi kwenye msumari, na kila Jumamosi Mzee Katana aliandika: mafuta, sahihi. Jumamosi mbili za mwisho zilikuwa tupu. Alikuwa matangani kwao Junju, amefiwa na nduguye. Angeweza kuijaza kadi ile jioni ya siku ya ajali na hakuna ambaye angejua. Aliziacha tupu zile nafasi mbili zisomeke.

"Kuna kitu kingine ungetaka kuongeza?" mkaguzi akauliza.

Nilikuwa na la kuongeza. Lilikuwa umbali wa hatua mia na ishirini, ndani ya kopo. Lakini jivu halikuwa katika kitabu cha kanuni, na mimi kwa mujibu wa kitabu nilikuwa msafi kama maji ya mvua. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nyumbani mshahara wangu ulikuwa umekwisha kuwa jambo la kutegemewa. Nikasema, "Hakuna."

Akaandika. Alipoinuka akauona mkono wangu ukishika mlango. "Kulikuwa na harusi?" akauliza, kwa uungwana tu. Nikamwambia ndiyo.

Baada ya siku chache ikaja barua kwamba Mzee Katana arudi kwao angojee uamuzi kuhusu kuachishwa kazi kwa uzembe. Ilikuwa imebaki miezi mitatu astaafu. Alifunga vitu vyake kwenye mkoba mmoja, akanikabidhi funguo, akaniambia bati la pembeni linavuja. Kitu kimoja alichochukua kilinishangaza, kijiko cha chai kilichokaa siku zote juu ya kabati, ingawa yeye hakunywa chai.

Nilivumilia wiki tatu. Mchana nilitoka nje mara mbili kwa kila saa, mpaka mbuzi wakanizoea. Nyanya aliponiuliza mbona sili nilisema ni joto. "Joto la wapi?" akasema. "Kusi imekwisha kuingia." Jumapili ya tatu nikavaa, nikaenda Junju.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake anatengeneza banda la kuku, misumari ameibana mdomoni. Mkewe akaniletea maji na kigoda, akaingia ndani kupika. Shati la Mzee Katana lilikuwa limepigwa pasi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akaitoa misumari mdomoni. "Kituoni vipi?"

Mdomo ukatangulia, kwa mazoea. "Shwari, Mzee."

Akaweka nyundo chini. "Umetoka nje?"

Aliuliza vile vile kama alivyouliza siku zote, bila kuinua kichwa.

"Sikutoka," nikasema. "Siku ile sikutoka, Mzee. Nilikuwa na hina." Neno lile la mwisho lilipotoka nikaona udogo wake, nikalia kwa sauti mbele ya kuku wake wote. Alinisubiri. Hakunishika bega wala hakuniambia ninyamaze.

"Najua," akasema nilipotulia.

"Unajua nini?"

"Kila asubuhi nilikuwa nalisawazisha lile jivu kwa kijiko. Linakuwa sawa kabisa. Mtu akichota, alama ya vidole hubaki. Siku ile lilikuwa sawa kama nilivyoliacha."

Miaka mitano. Kila mara alipouliza, alikuwa anajua jibu au alikuwa na njia ya kulijua, na bado aliuliza. Nikamwambia, na sauti yangu haikuwa na adabu, "Mbona hukumwambia mkaguzi?"

"Aliniuliza la mafuta. Nikamjibu la mafuta. Mafuta yalikuwa yangu kutia, sikuyatia. Lako alikuuliza wewe."

"Wanakufukuza kwa ajili yangu!"

"Kwa ajili ya mafuta," akasema. Kisha akaitazama nyundo. "Ila roho inaniuma, mwanangu. Sikufichi. Miaka yote hii, kisha uzembe ndilo neno la mwisho."

Mkewe alikuwa analeta sima na mchicha. Mzee Katana akanawa, akauliza, kama aliyekumbuka kitu kidogo, "Kitabu kiko wapi?"

"Kabatini."

"Na ule mstari wa saa nne?"

"Uko vile vile."

"Basi kula. Njia ni ndefu."

Kesho yake, Jumatatu, nilifungua kabati kabla ya kuvua buibui. Nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikapiga mstari mmoja juu ya neno Shwari, mwembamba, likaendelea kusomeka. Juu yake nikaandika: Upepo ulikuwapo, kutoka mashariki. Kasi haikupimwa. Vikombe vilikwama. Mpimaji hakutoka nje. Pembeni nikatia jina langu zima, la baba na la babu. Mwandiko ulikuwa mbaya. Nikaunakili ukurasa mzima, nikauambatanisha na barua ya kueleza habari ya jivu tangu mwanzo, nikautuma kwa yule mkaguzi.

Majibu yalikuja mvua zilipokwisha, bahasha mbili. Yangu ilikuwa ya onyo kali, ninayo mpaka leo. Ya Mzee Katana ilisema kwamba imeonekana ajali ile ilikuwa na makosa zaidi ya moja na ya watu zaidi ya mmoja, hivyo shauri la kumwachisha limeondolewa, naye amestaafu. Hakurudi bandani. Siku yake ya kustaafu ilikuwa imepita faili likiwa njiani. Nilimtumia barua yake kwa mkono wa mtu wa Junju aliyekuwa akipita Mambrui, na mtu yule yule akanirudia baada ya wiki na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Hakukuwa na barua ndani. Mlikuwa na kijiko cha chai.

Kapteni Miwani alirudi kuruka mwaka uliofuata. Aliposhuka mara ya kwanza hakuniuliza upepo. Alitembea mwenyewe mpaka kwenye mlingoti, akachota jivu, akaliachia. Sikumlaumu. Ilipita kaskazi nzima ndipo akaanza tena kuniuliza.

Mengine mnayajua. Kiwanja kilifungwa, mimi nikahamishwa, nikahamishwa tena, vikombe vya bati vikaondoka na mashine zikaja, mpaka nikafika kwenu. Nilifika na kopo langu, nikaliweka nje chini ya mlingoti, nanyi mkaniuliza kama ni dawa. Nilipowaeleza mtoke nje na jivu kabla ya kubonyeza shwari, mlinistahi, mkasema ndiyo mama. Mlinitania pia, nami nilisikia, kwamba kila asubuhi bibi huyu anakoroga chai isiyokuwapo.

Basi ndiyo hiyo kazi ya kijiko. Katika wiki yangu ya mwisho, neno shwari liliingizwa kwenye kumbukumbu mara nne. Jivu lilichotwa mara tatu. Simtaji mtu. Kalamu nyekundu nimeiacha kwenye mtoto wa meza, upande wa kulia.